Mpini wa Bibi Kondakta

Stendi ilikuwa imefurika, na mashine ya kusomea kadi kwenye mlango wa basi ilikuwa imegoma. Fundi wa mashine za tiketi, kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu na bisibisi sikioni, alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kisanduku chake kama mtu anayesikiliza umbea.

"Kaka, unaitengeneza au unaibembeleza?" sauti ya mwanamke ikauliza nyuma yake.

"Vyote viwili, dada. Hizi zina maringo."

Akageuka. Gauni la njano lilikuwa limemkaa mwanamke yule kama limeota mwilini mwake, na shingoni kulining'inia utepe wa kupimia nguo aliotoka nao kazini bila kujua. Mshonaji. Lakini kilichomnasa fundi macho kilikuwa ndani ya kikapu chake: kisanduku cha bati, mkanda wa ngozi, mpini wa shaba ubavuni.

"Hiyo ni mashine ya tiketi ya mkono!"

"Ya bibi yangu. Alikuwa kondakta. Imekwama tangu astaafu, natafuta fundi yeyote wa kuiamsha."

"Fundi yeyote? Usinitukane mchana kweupe. Fundi wa hiyo katika mji huu ni mimi."

"Na hii iliyokushinda hapa mlangoni?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mashine ya kadi, labda kwa kumwonea huruma, ikalia *pii*.

Mshonaji akamwachia mashine ya bibi pamoja na namba yake, na simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za kazi tu.

"Nimeifungua," fundi alisema jioni moja. "Wee, kuna watu walijaliwa akili! Unajua kabla ya hii kondakta alibeba ubao wa tiketi zilizokwisha kuchapwa, kila nauli na rangi yake? Anachomoa moja, anaitoboa kwa koleo lenye kengele, *ngriing*, basi zima linasikia umelipa. Mvua ikinyesha zinalowa, zinagandana. Mpaka mtu akawaza: kwa nini nibebe tiketi zote hizi wakati naweza kubeba kitu cha kuzichapa? Unapanga kituo, unapanga nauli, mpini mzunguko mmoja, tiketi hiyo, wino wa zambarau bado mbichi. Haina betri, mpenzi. Haina waya."

"Umesema nani?"

"Nimesema haina waya."

"Kabla ya hapo."

"Mpenzi."

"Haya," mshonaji akasema, akitabasamu peke yake katikati ya majora ya vitambaa. "Endelea na historia."

Akaendelea. Akamweleza jinsi zilivyokuja mashine za vitufe, akaketi nazo dereva badala ya kondakta, kisha hizi za kadi. "Wajukuu hao," alisema. "Wana haraka, lakini damu ni ileile."

Stendi ilikuwa ikiandaa chumba cha kuonyesha mashine hizo zote, na bibi alialikwa kuchapa tiketi ya kwanza. Siku moja kabla, fundi aliingia dukani kwa mshonaji na mashine inayong'aa, kifua mbele kama bwana harusi. Mshonaji akaipapasa, akafika ubavuni, tabasamu likamkatika.

"Mpini uko wapi?"

"Huo hapo. Nimeuchonga mwenyewe. Ule ulikuwa umelika, una kibonyeo."

"Kibonyeo kile ni kidole gumba cha bibi! Utoto wangu wote nilikuwa nakitia kidole changu mle. Nimekupa mkono wa bibi yangu, umenirudishia kijiko!"

Angesema samahani tu, ingetosha. Lakini alikuwa fundi, na kiburi kilimpanda. "Ulitaka iamke. Imeamka. Siachi kipuri kibovu kwenye mashine nzima."

"Basi nenda kaoe vipuri!"

Usiku huo fundi alimpigia, simu ya mshonaji ikaita mpaka ikachoka.

Kesho yake chumba kilijaa. Kwenye rafu zilipangwa koleo la kengele, mashine za mkono, za vitufe, za kadi, kama familia iliyojipanga kupigwa picha. Fundi alisimama nyuma kabisa, shati limepigwa pasi upande mmoja. Bibi aliingia na sare yake ya zamani, mjukuu ameipunguza ikamkaa sawasawa, kofia imeinamia jicho moja. Akajivika mkanda begani, akazungusha. *Trrrk!*

Akasimama ghafla. "Nani kabadilisha huu mpini?"

Mshonaji akafumba macho. Fundi akajipenyeza mbele.

"Mimi, bibi. Nilikosea." Akatoa mfukoni kitambaa safi, akakifunua: mpini wa zamani. "Karakana kwetu kipuri kilichotolewa hakitupwi, hurudi kwa mwenyewe. Naurudishia sasa hivi."

"Urudishie nini, wewe! Mpini ule ulinifurisha kidole ujana wangu wote. Kila nikiomba mpya naambiwa kesho. Kumbe kesho yenyewe ni leo!"

Watu wakacheka. "Bibi, hukuwahi kuniambia!" mjukuu akalalamika.

"Ulikuwa unaupenda, mama. Ningeanzia wapi?"

Mshonaji akamgeukia fundi. "Ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza. Cha kwako sitakigusa tena bila kukuuliza." Akamwekea mpini wa zamani kiganjani. Kidole gumba kikaenda chenyewe kibonyeoni, kikatulia.

"Nyie wawili, msinizibie mlango!" Bibi alikuwa amerudi kazini. "Kijana, unashukia wapi?"

"Mwisho wa njia, bibi," fundi akajibu, macho kwa mshonaji.

"Mmoja au wawili?"

Ulimi ulimwasha, lakini alikuwa ameahidi. "Namuuliza mwenyewe, bibi," akasema taratibu.

Mshonaji alimwacha asubiri kidogo, kwa sababu ya kijiko.

"Wawili," akasema.

Bibi akazungusha mara mbili. Mpini mpya uliteleza kama maji, tiketi mbili zikatoka zimeshikana, wino wa zambarau bado mbichi. Maisha yake yote alikuwa amemchania kila abiria tiketi yake. Hizi hakuzichana.