Geji Iliyoanguka

Joyceline alikuwa na mazoea yake. Kengele ya mwisho ikilia shuleni, hakwenda nyumbani. Alikatisha mitaa ya Kariakoo, akiwapisha wasukuma mikokoteni na wachuuzi waliopanga viatu hadi katikati ya njia, akashuka mpaka Gerezani kwenye banda la baba yake la matairi. Hapo alibadilisha nguo nyuma ya pazia, akakaa juu ya tairi kuukuu la lori na kufanya kazi zake za shule. Akishamaliza, alikuwa huru kutazama kazi.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita. Baba yake, Ansbert, alikuja mjini kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akaanza kazi kwa pampu ya mguu chini ya mwavuli. Sasa alikuwa na banda, kompresa kubwa, na fundi mmoja aliyejulikana mtaa mzima: Mzee Abdulswamad. Joyceline alimwita Babu Swamad.

Kilichompendeza zaidi ni kumwona Babu Swamad akikalisha tairi kwenye ringi. Tairi lisilo na tyubu halishiki upepo mpaka kingo zake mbili ziende zikabane sawasawa kwenye chuma. Mzee alipaka povu la sabuni kuzunguka ringi, akabana mdomo wa mpira wa upepo kwenye valvu, kisha akarudi nyuma hadi urefu wote wa mpira ule, geji, kipimo cha upepo chenye kitufe cha kufungulia, ikiwa mkononi. Alifungua. Upepo uliingia kwa nguvu, tairi likajitanua, povu likatoka pembeni. Pa! Ukingo wa kwanza umekaa. Pa! Wa pili.

"Mwisho arobaini," alimwambia Joyceline siku moja. "Likifika paundi arobaini na halijakaa, unatoa upepo wote, unapaka sabuni upya, unaanza tena. Ukizidisha, ukingo unakatika. Na tairi likipasuka halichagui la kupiga."

"Sasa Babu, unajuaje kama ni arobaini?"

"Nasoma geji. Sina kingine cha kuniambia. Ndiyo maana sitaki mtu aichezee."

Jumamosi moja alasiri, Babu Swamad alikwenda msikitini kuswali, na baba akaitwa dukani mara moja. Joyceline alibaki bandani na binamu yake Allan, mtoto wa miaka kumi, aliyekuja na mpira wa miguu uliolegea.

"Joy, tujazie huu, tukacheze Mnazi Mmoja," Allan alisema.

"Baba amekataza. Anasema atakayegusa vifaa atachapwa."

"Dakika moja tu! Nani atajua?"

Joyceline alitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Aliishusha geji kutoka kwenye msumari wake, akachomeka sindano ya kujazia mpira, akabonyeza. Upepo ulikuja kwa nguvu kuliko alivyotazamia. Sindano ilichomoka, mpira wa upepo ukamrukia usoni, naye akaachia. Geji ilianguka juu ya sakafu ya zege, ikadunda mara mbili.

Aliiokota haraka. Kioo hakikuvunjika. Mshale ulikuwa umekwama mahali palipoandikwa kumi, lakini alipougonga kwa kidole ulirudi kwenye sifuri. Ubavuni palikuwa na mkwaruzo mweupe.

"Imeharibika?" Allan aliuliza.

"Haijaharibika. Na wewe usiseme kitu, umenisikia?"

Aliupaka mkwaruzo ule grisi nyeusi, akairudisha geji kwenye msumari. Baba aliporudi, alimkuta Joyceline anafagia. Akamsifu.

Jumapili banda lilifungwa. Jumatatu kutwa zilikuja pancha za bodaboda tu, kazi ambayo mafundi huimaliza bila geji, kwa kubonyeza tairi kwa kidole gumba. Joyceline alipofika kutoka shule alikuta kirikuu, kigari cha mizigo cha Bi Badriya, mwenye duka la vitambaa, imeegeshwa mbele ya banda. Tairi lake la nyuma lilikuwa limetolewa, na jipya lilikuwa tayari kukalishwa.

"Fanya haraka, Mzee Swamad, nina mzigo unanisubiri," Bi Badriya alisema.

"Haraka ipo, mama, lakini kwa utaratibu wake."

Babu Swamad alichukua geji, akaifuta kwa kitambaa kama kawaida yake. Grisi ikatoka. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Pana mkwaruzo hapa. Joyceline, hii imeanguka?"

Baba alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Joyceline alimtupia jicho.

"Hapana, Babu. Labda ni wa zamani."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. "Haya. Nakuamini wewe."

Alipaka sabuni, akabana mpira wa upepo, akarudi nyuma. Upepo ukaingia. Ukingo mmoja ulikaa. Wa pili ulikataa. Babu Swamad aliikazia macho geji.

"Ishirini na tano," alisema. "Bado. Ishirini na tisa. Thelathini na moja. Thelathini na..."

Mlipuko wake ulisikika hadi mtaa wa pili. Ringi iliruka kutoka chini, ikapiga nguzo ya banda, ikageuka na kumpiga mzee mkono wa kushoto. Vumbi lilipotulia, Babu Swamad alikuwa amekaa chini, ameushika mkono uliokuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Yarabi! Mzee wa watu!" Bi Badriya alipiga kelele.

Baba alimwinua, wakampakia kwenye bajaji, wakaenda hospitali. Joyceline alibaki amesimama palepale. Geji ilikuwa chini, mshale wake unaonyesha sifuri, kama vile haijafanya lolote.

Kesho yake walikwenda kumwona wodini. Mkono ulikuwa umevunjika mara mbili, umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Joyceline alibeba mfuko wa machungwa.

"Urefu wa mpira ndio ulioniokoa," Babu Swamad alisema kwa sauti ndogo. "Ningekuwa nimeinama pale, mngekuwa mnanizika. Lakini Ansbert, nakwambia kweli, nilisoma thelathini na tatu."

"Thelathini na tatu haipasui tairi jipya, mzee wangu," baba alijibu kwa upole.

"Najua. Basi ni macho haya. Labda ilikuwa sabini na tatu nami sikuona." Akatazama dirishani. "Miaka arobaini ya kazi. Tafuta fundi mwingine, mwanangu. Nisije nikaua mtu."

Joyceline alitaka kusema.  Lakini aliweka machungwa juu ya kabati, akatoka nje, akasema anasikia joto.

Usiku ule mama aliandaa ndizi na nyama, chakula anachokipenda. Alimsogezea baba sahani yake. Shuleni Jumatano mwalimu alimwita mara mbili hakusikia. Mtaani ndiko kulikomuumiza zaidi. Aliwasikia wauza spea wakisema, "Yule mzee haoni tena, alipaswa kupumzika zamani." Mwingine akacheka. Joyceline alipita ameinamisha kichwa, kila hatua ikimkumbusha neno moja: nakuamini wewe.

Alijitetea moyoni kwamba mshale ulirudi wenyewe kwenye sifuri, kwa hiyo huenda geji ni nzima, na huenda kweli ni macho ya mzee. Lakini hakuweza kujidanganya muda mrefu. Babu Swamad alikuwa akisoma namba za leseni za magari kutoka ng'ambo ya barabara.

Alhamisi baba alifungua tena banda. Hakukuwa na fundi mwingine, kwa hiyo alivaa ovaroli mwenyewe. Joyceline alipofika kutoka shule, alimkuta amechuchumaa mbele ya tairi la teksi, sabuni imeshapakwa. Baba aliiangua geji kwenye msumari. Kwa kuwa alikuwa na haraka, hakurudi nyuma. Aliinama palepale, uso wake juu ya tairi.

"Baba, usifungue!"

Watu waligeuka. Baba alishtuka, mkono ukasimama.

"Kuna nini?"

"Usiitumie hiyo geji, Baba! Mbovu! Mimi niliiangusha!"

Akaanza kulia kwa sauti, mfuko wa shule bado mgongoni. Baba aliweka geji chini polepole, akampeleka nyuma ya pazia. Joyceline alieleza yote: mpira wa Allan, sindano, zege, grisi, na jibu alilompa mzee. Hakumtupia Allan lawama. Baba alisikiliza mpaka mwisho, mishipa ya shingo imemsimama. Joyceline alisubiri kofi. Halikuja.

Baba alitoka, akaazima geji nyingine banda la jirani. Alijaza tairi moja taratibu, akilipima kwa ile ya jirani, hadi ikasoma thelathini. Kisha akalipima kwa geji yao. Mshale ulipanda kwa kusitasita, ukagota kwenye kumi na nne.

Alikaa juu ya tairi la lori, akashika kichwa. "Kwa hiyo aliposoma thelathini na tatu, ndani kulikuwa na sabini na zaidi. Na mimi nikamwacha mzee mzima aamini kwamba haoni." Akainuka. "Weka mfuko chini. Tunaenda Kigamboni. Haya utamwambia mwenyewe."

Walivuka kwa pantoni kutoka Magogoni. Babu Swamad alikuwa ameruhusiwa asubuhi ile. Walimkuta amekaa barazani, mkono umening'inizwa shingoni. Mkewe, Mama Talha, alikuwa akimmenyea embe.

"Shikamoo, Babu. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni."

Joyceline hakukaa. Alihofia kwamba akikaa atanyamaza tena.

"Babu, nilikudanganya. Niliiangusha geji Jumamosi. Uliponiuliza nikasema hapana. Macho yako hayana kosa. Kosa ni langu."

Kisu cha Mama Talha kilisimama. Baba akaeleza alivyopima. Babu Swamad alifumba macho.

"Kumbe nilisoma sawasawa," alisema hatimaye, na chozi likamtoka.

Mama Talha ndiye aliyewaka. "Wewe mtoto! Huyu hajalala siku tatu! Leo asubuhi amekuwa akiyajaribu macho yake, akaniambia, mke wangu, nimekuwa kipofu sasa!"

"Mwache, Mama Talha," mzee alisema. Akamgeukia Joyceline. "Sitakuficha, nimekasirika. Mkono huu unauma. Lakini kulikuwa na jambo lililoniuma kuliko mkono, nalo umeniondolea leo. Sasa kuna kazi moja imebaki. Mtaa mzima unasema mzee haoni. Mimi nikiwaambia vinginevyo, watasema najitetea. Nenda wewe."

Jumamosi asubuhi, wakati banda limejaa wateja, Joyceline alisimama mbele ya wauza spea, madereva na Bi Badriya.  Aliwaambia kwamba mzee alisoma geji barabara, ila geji ilikuwa imeharibiwa na yeye, na alipoulizwa alisema uongo. Hakuna aliyecheka. Muuza spea mmoja aliangalia pembeni kwa aibu. Bi Badriya alisogea mbele.

"Umenitisha, mtoto," alisema. "Nilidhani tairi nililonunua ndilo bovu. Basi mwambieni Mzee Swamad, akipona, gari langu haligusi mtu mwingine."

Baba naye aliongea siku ile, lakini na watu wa nyumbani kwake. Aliwaita Joyceline na Allan. "Nimewakataza kugusa vifaa, na hilo linabaki. Lakini niliwatisha mno. Mtoto akiogopa kipigo kuliko anavyoogopa tairi kupasuka, kosa lingine ni langu. Kuanzia leo, anayeangusha kitu atasema, nami nitamsikiliza." Kisha akaitwanga ile geji mbovu kwa nyundo mbele yao, asije mtu mwingine akaiokota.

Kwa wiki saba Joyceline alifagia banda, akapanga spana, na kila Jumamosi alipelekwa na baba Kigamboni kumchotea maji Mama Talha. Mwanzoni Mama Talha hakumsemesha. Wiki ya nne alimwekea sahani ya vitumbua.

Babu Swamad alirudi kazini mwezi wa Agosti. Mkono ulikuwa umepona, ila haukunyooka kama zamani, na matairi mazito ya lori sasa yalinyanyuliwa na kijana mpya wa banda. Joyceline aliutazama mkono ule, machozi yakamlengalenga. Mzee aliona.

"Njoo hapa," alisema. "Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Kuangusha geji si jambo kubwa. Mimi nimeangusha nyingi kuliko umri wako. Ungeniambia tu, 'Babu, imeanguka,' ningeitupa, tungeazima nyingine, na siku ile tungemalizia kwa chai. Kosa lako la kwanza lilikuwa la dakika moja. Uongo ndio uliolipa kosa hilo nafasi ya kumvunja mtu mkono. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Babu."

"Na siku ile ulipopiga kelele kumzuia baba yako, watu wote wanakutazama, ulikuwa umechelewa. Lakini ulisema, na baba yako ana uso wake leo kwa sababu hiyo. Ukiwa na la kusema, liseme mapema. Likichelewa, liseme hivyohivyo."

Alipaka povu kwenye ringi iliyokuwa mbele yake, akabana mpira wa upepo, akarudi nyuma. Kisha akamkabidhi Joyceline geji mpya.

"Mkono huu bado unatetemeka. Nisomee."

Joyceline aliishika kwa mikono miwili. Upepo uliingia, mshale ukapanda.

"Ishirini, Babu. Ishirini na tano. Ishirini na nane."

Babu Swamad hakuinama kuhakikisha. Alisikiliza namba, macho yake yakiwa kwenye tairi.