Madoa ya Sarafu ya Tembo

Pale mtaani kwao Mollo, hakuna aliyebisha kwamba Kristiana alikuwa bingwa wa kusugua masufuria. Kila jioni, akishavua sare za shule, alijifunga kitenge, akachota majivu jikoni, akayachanganya na mchanga laini, kisha akavunja gunzi la mahindi na kuanza kazi. Masizi yalimkimbia. Sufuria ikitoka mikononi mwake ungeweza kujitazama humo na kuchana nywele.

Rafiki yake Faith, ambaye walisoma naye darasa la sita, alijaribu mara nyingi kumshinda akashindwa.

"Wewe Kristiana, wakikuletea mwezi utausugua," Faith alimtania.

"Waulete tu! Ule una madoa mengi."

Mwaka huo kazi ya kusugua iliongezeka maradufu. Parokia yao ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na mtaa mzima ulichangamka. Huku wanawake wanapepeta ulezi, kule vijana wanapasua kuni, na migebuka, samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika kutoka Wampembe, walikuwa wameshafika na kunukia hadi barabarani. Zaidi ya misa na chakula, safari hii kulikuwa na jambo jipya: maonyesho ya vitu vya kale katika ukumbi wa parokia. Kila familia iliombwa ilete ilichorithi kwa wazee wake, na mtaalamu kutoka Mbeya angekuja kuwaeleza watu historia ya vitu hivyo.

Bibi Cornelia, mama mzazi wa baba yake Kristiana, hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alifungua kopo la zamani la majani ya chai, akafunua kipande cha flana, akatoa sarafu ya tembo.

Ilikuwa sarafu ya enzi za Wajerumani, ya manjano iliyokolea. Upande mmoja alichorwa tembo aliyeinua mkonga wake, na nyuma yake milima. Kristiana aliipenda tangu alipokuwa mdogo. Kitu kimoja tu kilimkera: juu ya mgongo wa tembo na karibu na miguu yake palikuwa na vidoa vyekundu vyenye weusi kidogo, kana kwamba mtu alimwagia punje za ulezi zikagoma kutoka.

Vidoa hivyo ndivyo vilivyompa maneno Babu Loth, mdogo wake marehemu Babu Adolfu, mume wa Bibi. Babu Loth na Bibi walikuwa mashemeji na watani wakubwa, na siku hiyo alikuta sarafu iko mezani.

"Shemeji, bado unakitunza kifungo chako cha koti?" alisema kabla hata hajakaa.

"Hii ni dhahabu," Bibi alijibu. "Babu yangu alikuwa mfua chuma. Alilipwa sarafu hii kwa majembe yake, na mwenyewe alisema ni dhahabu. Mtu aliyeyeyusha madini maisha yake yote angedanganywa na kifungo?"

"Dhahabu haishiki kutu, shemeji. Hiyo imejaa kutu. Sasa sikiliza. Huyo mtaalamu akisema ni dhahabu, masufuria yote ya jubilei nitayasugua mimi, kwa mikono yangu hii!"

Wanawake waliokuwa wakipepeta ulezi uani walicheka hadi wakaweka nyungo chini. Babu Loth alikuwa hajawahi kuosha hata kijiko.

"Na ikiwa si dhahabu?" mmoja wao aliuliza.

"Basi shemeji atakiri mbele ya watu kwamba babu yake alipunjwa, akauza majembe kwa kifungo."

Watu walicheka tena, ila Bibi hakucheka. Aliifumba sarafu kiganjani na kuishikilia. Kristiana alimwona, na moyo wake ukamuuma. Bibi hakuwa na picha ya babu yake, wala kaburi lake halikuwa likijulikana. Alichobaki nacho ni sarafu hiyo, na neno la mzee huyo kwamba ni dhahabu.

Jumamosi, siku moja kabla ya jubilei, Bibi alikwenda kanisani kufanya mazoezi ya kwaya. Kristiana alibaki peke yake uani na rundo la masufuria ya jumuiya. Alisugua moja, akasugua ya pili, huku akili yake iko kwenye kopo la chai. Kutu! Yeye Kristiana, aliyeyashinda masizi ya miaka, ashindwe na vidoa vidogo kiasi hicho? Kesho sarafu ikiwa inametameta, Babu Loth atasema nini?

Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na sarafu. Akachovya gunzi kwenye majivu na mchanga, akachagua doa lililokuwa karibu na mguu wa tembo, akasugua kwa nguvu kama alivyozoea. Kwaru! Kwaru! Kisha akaifuta na kuigeuzia juani.

Doa lilikuwa palepale, wala halikupungua. Lakini kando yake palikuwa na mikwaruzo mingi, myembamba kama nywele, ambayo asubuhi haikuwapo. Kristiana alipangusa kwa kitambaa, haikutoka. Akapangusa kwa maji, haikutoka. Akaifunga sarafu ndani ya flana, akairudisha kwenye kopo, na kopo akalirudisha kabatini.

Jioni Bibi alimtazama anavyochezea ugali.

"Leo hawa migebuka wamekukosea nini, mjukuu wangu?"

"Nimeshiba, Bibi," Kristiana alisema, na tumbo lake likanguruma palepale. Alitamani kusema ukweli, lakini Bibi alikuwa na furaha ya kesho usoni, naye akaogopa kuizima. Akajiambia kwamba labda hakuna atakayeona.

Jumapili ilikuja na upepo wake wa baridi, ule wa Ufipa unaopenya hadi ndani ya sweta. Nani aliujali? Ngoma zililia, kwaya iliimba, na baada ya misa watu walimiminika ukumbini. Palikuwa na majembe ya wafua chuma wa zamani, vyungu, vinu, na hata redio iliyokuwa kubwa kuliko kabati. Mtaalamu alikuwa mama mmoja mchangamfu aliyeitwa Bi. Shigela. Alikuwa na kioo cha kukuzia na mizani ndogo inayotoshea kiganjani.

Zamu ya Bibi ilipofika, watu walisogea. Babu Loth alijipenyeza hadi mbele kabisa. Kristiana na Faith walisimama pembeni ya meza.

Bi. Shigela alitandika kitambaa laini, akaishika sarafu kwa kingo zake tu, akaisogeza jichoni. Alitabasamu. Kisha tabasamu likapungua.

"Mama, sarafu hii imesuguliwa," alisema.

"Haijawahi," Bibi alijibu bila kusita. "Tangu kwa babu yangu hadi leo haijaguswa na kitu zaidi ya kitambaa."

"Lakini mikwaruzo hii ni mipya kabisa. Mtu akikwangua sarafu ya kale, pengine anaficha jambo. Ningependa kujua nani amesugua, na kwa nini, kabla sijasema lolote."

"Ehee!" Babu Loth alipiga kofi. "Kumbe shemeji alikuwa anakipaka kifungo poda! Vyote ving'aavyo si dhahabu!"

Ukumbi ulicheka. Bibi alisimama wima katikati ya kicheko kile. "Mimi sisemi uongo," alisema kwa sauti ndogo, na ni wachache tu waliomsikia.

Kristiana alimsikia. Alijua sasa kwamba akinyamaza, hata kama sarafu ni ya dhahabu, bibi yake atatoka humo akiitwa mwongo. Akasogea mezani.

"Ni mimi," alisema. "Bibi hajui kitu. Nilisugua jana alipokuwa kwaya. Nilitaka kuondoa kutu ili watu wasimcheke. Nisamehe, Bibi."

Kicheko kilikatika. Bi. Shigela akamwinamia.

"Ulisugua na nini, mwanangu?"

"Majivu na mchanga. Na gunzi."

Bi. Shigela alifumba macho kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. Halafu akacheka, akampa kile kioo.

"Asante kwa kusema kweli, umenirahisishia kazi. Hebu tazama doa. Katikati yake lina rangi gani?"

Kristiana alitazama. "Jekundu. Kama waya wa umeme ukichunwa."

"Naam, ni shaba. Dhahabu tupu ni laini mno, kwa hiyo waliotengeneza sarafu hii waliitia shaba ili iwe ngumu. Isipochanganyika vizuri, chembe za shaba hubaki juu, na hewa yenye unyevu ikizigusa miaka mingi, zinakuwa nyekundu, halafu nyeusi. Dhahabu yenyewe haijashika kutu hata kidogo."

Akaiweka sarafu kwenye mizani, akaipima upana na unene, akaikagua tena mbele na nyuma. 

"Mama," alimwambia Bibi, "hii ni dhahabu. Babu yako hakudanganywa."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilifika sokoni. Bibi aliinua mikono juu, akacheza hatua za kwaya palepale, machozi yakimtiririka.

Faith, ambaye hakuwa na haya ya kuuliza, alinyoosha kidole. "Kwa hiyo madoa yanaiongezea bei?"

"Hapana, tusidanganyane," Bi. Shigela alisema. "Wanunuzi wengi wanapenda uso safi. Doa kubwa likikaa mahali pa kuonekana hupunguza mvuto, na bei nayo hushuka kidogo. Wengine vidoa vidogo kama hivi haviwasumbui, wanasema ni dalili za umri. Lakini mkwaruzo hakuna anayeupenda. Doa, fundi anayejua anaweza kulipunguza, au mkaliacha tu. Mkwaruzo ni maji yaliyomwagika, hayazoleki."

"Kwa hiyo nimeishusha thamani," Kristiana alinong'ona.

"Umeishusha, ndiyo. Si sana, kwa kuwa ulisugua kidogo. Siku nyingine, kitu usichokijua usikitibu kabla ya kuuliza."

Kristiana alilia. Bibi akamvuta, akamfunika na khanga yake kama alivyokuwa akimfunika alipokuwa mchanga. Halafu akakumbuka jambo, akainua kichwa.

"Shemeji yuko wapi?"

Babu Loth alikuwa amefika mlangoni, ananyata kama paka aliyeiba samaki.

"Shemeji Loth! Masufuria yanakuita!"

Jioni hiyo Mollo ilipata maonyesho ya pili, na haya yalijaza watu kuliko ya kwanza. Babu Loth alikunja mikono ya koti lake la sikukuu, akakalishwa kwenye kigoda mbele ya rundo la masufuria ya jubilei, akapewa majivu, mchanga na gunzi. Msimamizi wake alikuwa Kristiana.

"Babu, hapa bado kuna masizi."

"Hayo ni madoa ya umri! Hukumsikia mtaalamu?"

"Sufuria haina madoa ya umri, Babu. Sugua!"

Watu walicheka hadi mbavu zikawauma, na Babu Loth mwenyewe alicheka kuliko wote. Alipomaliza sufuria ya mwisho alijitazama humo, akatengeneza ndevu zake. "Shemeji," alisema, "babu yako aliijua kazi yake. Nimekubali mbele ya watu."

Walipofika nyumbani, Bibi alikaa karibu na jiko, akatoa sarafu, akamwonyesha Kristiana mgongo wa mkono wake mzee.

"Unaona madoa haya ya uzee? Na haya utayasugua kwa gunzi?"

"Hapana, Bibi!" Kristiana alicheka.

"Basi usiyaogope madoa ya kitu cha kweli. Ulitaka kunisaidia, najua, lakini hukuuliza, na jana ulinificha. Hilo ndilo lililoniumiza. Leo ulisema kweli mbele ya watu wote, wakati ungeweza kunyamaza. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Mkwaruzo ule hautatoka, nami sitaki utoke. Kila nikiuona nitaikumbuka siku mjukuu wangu alipolilinda jina langu."

Kisha akamnyooshea sarafu. "Haya, kairudishe kwenye kopo lake. Kuanzia leo mtunzaji ni wewe."

Kristiana aliipokea kwa kuishika kingo tu, kama alivyomwona Bi. Shigela, akaifunga taratibu ndani ya flana na madoa yake yote.