Tone la Kwanza Mlangoni

Mgeni aliingia bila kupiga hodi.

Hakuna mtu Kinondo aingiaye nyumba ya wakandaji namna ile. Huyu alisukuma mlango kwa ncha ya kiatu, akavua miwani yake ya Ray-Ban, akatazama huku na huku kama mtu anayekagua duka analotaka kulinunua.

"Sasa, mathe?"

Bi Mwanafatuma hakuinua kichwa. Alikuwa akichuja mafuta kwa kitambaa cheupe, taratibu.

"Mimi si mathe wako. Na kwetu mtu huanza na salamu."

"Ah, pole. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa hodi."

"Lakini nishaingia, mathe."

"Basi toka, uipige, kisha uingie tena."

Wanawake waliokuwa wakipakia chupa waliangua kicheko. Mgeni naye akacheka, lakini hakutoka.

Rispah Mwero hakucheka.

Alikuwa ameketi pembeni akibandika lebo, leso kiunoni, macho chini. Kwa wanawake wale, alikuwa mwanagenzi wa Kiduruma kutoka Kinango aliyekuja kujifunza kumkanda mzazi. Kwa Kitengo cha Nane, alikuwa mpelelezi aitwaye Tisa, na chini ya leso ile kulikuwa na Glock 19.

Kitengo cha Nane kililinda mali isiyofungiwa ghalani. Kililinda ujuzi.

Na ujuzi ulikuwa ndani ya nyumba ile. Tangu zamani mwanamke wa Kinondo akijifungua alikandwa siku zake zote za arubaini, mgongo, kiuno, tumbo, hadi mwili urudi mahali pake. Bi Mwanafatuma na wenzake walikuwa wamechukua kazi hiyo ya vyumba vya ndani wakaipa jina, chupa na bei. Waliandaa video za mafunzo. Waliwauzia watu mafuta, na hoteli za Diani na Chale zikawaita wakande wageni. Faida yake ilirudi palepale: zahanati ilipata kitanda cha kujifungulia, na hakuna mzazi wa Kinondo aliyekandwa kwa malipo.

Kisha video zikaibwa.

Aliyezitaka alijulikana. Kampuni ya Velmora, kutoka ng'ambo, ilipanga kuandikisha ufundi wote ule kuwa mali yake kabla ya wenyewe. Ikifaulu, wanawake wale wangehitaji ruhusa ya mgeni kutumia mikono yao wenyewe.

Aliyeziuza hakujulikana.

"Mimi naitwa Harrison," mgeni alisema. "Niko na hoteli moja huko Galu. Nataka mafuta. Si haya ya lebo. Yale original, ya mathe mwenyewe."

"Yale hayauzwi."

"Kila kitu huuzwa. Cheki, ni haya."

Akatoa Samsung yake, akaionyesha. Kwenye kioo, msichana aliyevaa nguo nyeupe alisimama katika chumba cheupe. Alichovya kidole ndani ya bakuli la mafuta. Akaenda mlangoni. Akapaka tone moja kwenye mwimo wa mlango, akarudi kwa mteja aliyelala. Sauti ya kike ikasema kwa Kiingereza kwamba hiyo ndiyo hatua ya kwanza.

Kitambaa kilimdondoka Bi Mwanafatuma mkononi.

"Umeyapata wapi hayo?"

Harrison aliona uso wake. Akajua ameonyesha kisichopaswa kuonyeshwa. Simu ikarudi mfukoni upesi.

"Internet tu, mathe. Sawa, kama hamuuzi, wacha niende."

"Ngoja, kaka," Rispah alisema kwa upole. "Mama ana hasira za asubuhi. Chukua hii. Ni ya akiba yetu."

Akampa chupa isiyo na lebo. Chini ya kifuniko chake, kidude cha kufuatilia, kidogo kama kifungo cha shati, kilikwisha kuwaka.

Harrison akamrushia noti, akatoka. Prado nyeupe ikanguruma nje.

Rispah alimshika Bi Mwanafatuma mkono, akampeleka chumba cha nyuma.

"Mama, umeona nini?"

"Kwani wewe ni nani, uniulize?"

Rispah alifungua kinywa. Uongo wake wote ulikuwa tayari.

"Usihangaike," Bi Mwanafatuma alisema. "Nimekukanda mgongo mara ngapi? Najua kila unachobeba huko kiunoni. Nilisema akitaka kusema atasema."

"Nafanya kazi ya serikali, mama. Namtafuta aliyewauza."

Yule mama aliketi juu ya gunia la nazi. Alionekana mdogo ghafla.

"Lile tone la mlangoni si kazi. Sijamfundisha mtu hilo, wala halimo katika video zetu. Ni langu. Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, alitolewa mlango ule amefunikwa, hata jina hakupata. Tangu siku hiyo, nikikanda nyumbani kwangu, tone la kwanza nampa yeye."

Nje, wanawake walikuwa wakiimba huku wakipanga chupa.

"Nani anajua?"

"Hakuna. Sijamwambia yeyote."

"Basi nani ameona?"

Bi Mwanafatuma aligeuka kuutazama mlango. Mtu aliyeona tone lile kila siku bila kuambiwa maana yake, akakua akidhani ni sehemu ya kazi, akaja kuliuza kama hatua ya kwanza, alikuwa amelelewa ndani ya nyumba ile.

Bi Mwanafatuma alikuwa na mtoto mmoja aliye hai.

Hasina. Aliyelala kitanda kimoja na Rispah shule ya bweni. Aliyemleta Rispah hapa bila kujua kazi yake halisi, akimwambia mama yake, huyu ni dada yangu, mfundishe. Aliyepiga simu asubuhi hiyo hiyo: niko Nairobi, mama, kwenye foleni ya kuandikisha ufundi wetu, niombeeni dua.

"Huenda ni mtu mwingine," Rispah alisema.

"Huenda." Macho ya Bi Mwanafatuma yalikuwa makavu. "Niahidi kitu kimoja. Ukishampata, uje uniambie wewe, kwa kinywa chako, leo hii. Nisisikie sokoni. Nisidanganywe. Hata likiwa jina gani."

"Naahidi."

* * *

Pikipiki ya Boxer ilikuwa nyuma ya banda la kuku. Rispah alifunga leso kifuani, akaiwasha.

"Kilima, Kilima, hapa Tisa."

Sauti ya Tsuma, mkuu wa kitengo, ilimjia sikioni kutoka ofisi za Kwale. "Sema, Tisa."

"Mjumbe ana sampuli. Prado nyeupe. Namfuata."

"Tunaiona alama. Imeingia barabara kuu. Inaelekea kusini."

"Si Galu?"

"Si Galu. Msambweni."

Rispah akaongeza moto.

Barabara ya Lunga Lunga ilinyooka mbele yake, lami nyeusi, jua kali. Lori la mchanga. Akalipita. Basi la shule. Akalipita. Mbele, Prado iliangaza kama kipande cha kioo.

"Kilima, huko kuna nini?"

"Mashamba ya miwa. Na kiwanja kidogo cha ndege cha mtu binafsi. Rubani ameomba kuruka mchana huu. Abiria ni Ferrand wa Velmora, na mwanamke mmoja."

"Mwanamke gani?"

"Hilo utatuambia wewe."

Prado ilikata kona, ikazama ndani ya miwa. Vumbi jekundu likapanda. Rispah hakuifuata. Alichukua njia ya matrekta iliyokuwa sambamba, miwa ikimchapa mabega, Boxer ikiruka kila shimo.

Aliisikia ndege kabla ya kuiona.

Cessna moja, pangaboi tayari linazunguka. Mzungu mrefu mwenye shati la kitani alisimama kando ya bawa. Harrison alikuwa akimkabidhi chupa.

Rispah alitoka ndani ya miwa kwa kasi. Harrison akageuka, mkono ukienda kiunoni. Rispah akailaza pikipiki ubavuni, akaiachia iende. Ikamvaa Harrison miguuni. Bastola yake ikaruka nyasini.

Rispah alikuwa amepiga goti. Glock mikononi.

Risasi moja.

Tairi la mbele la Cessna likapasuka. Ndege ikainama pua, pangaboi likachimba mchanga, likasimama.

"Bibi," Ferrand alisema kwa Kiswahili safi cha darasani, mikono juu. "Unafanya kosa. Mimi nimenunua. Mkataba ninao. Aliyeniuzia ni mwenyewe."

Mlango wa ndege ulifunguka.

Hasina alishuka. Buibui jipya. Mkoba mikononi, ameukumbatia kama mtoto mchanga.

"Rispah?"

"Weka mkoba chini, shoga."

"Wewe... una bunduki?" Hasina alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Kumbe ulikuwa ukitupeleleza. Miezi yote ile. Ukila kwa mama yangu."

"Na wewe uko kwenye foleni Nairobi."

Hasina alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu anayezuia kulia.

"Unajua nilimwomba mara ngapi anikabidhi kazi? Amewafundisha watoto wa watu. Wewe umekuja juzi, amekupa mikono yake. Mimi ananiambia, nenda kasome, mwanangu, usichakae kama mimi. Nikasoma. Nikarudi. Wazo la video lilikuwa langu. Jina kwenye chupa nimelibuni mimi! Akaniweka dukani niuze, chumba cha kukandia nisiingie."

"Kwa hiyo ukauuza ujuzi wake."

"Nilikuwa nimeukariri kwa kuchungulia, Rispah. Tangu utotoni. Mlangoni."

Rispah aliimudu sauti yake.

"Lile tone la kwanza, Hasina. Unajua ni la nini?"

"La kufungua kazi."

"Ni la kaka yako."

Akamweleza kwa maneno machache. Alimwona akielewa. Mkoba ulianguka wenyewe. Diski yenye video zote ikatoka, ikalala mchangani kati yao.

Land Cruiser za kitengo zilikuwa zikiingia kiwanjani.

* * *

Tsuma alikuja mwenyewe. Aliiokota diski, akaitia katika mfuko wa plastiki. Ferrand aliingizwa gari la kwanza akidai wakili. Harrison aliingizwa la pili akilaani pikipiki.

Hasina aliketi ndani ya la tatu, bila pingu.

"Huyu hatumfungi," Tsuma alimwambia Rispah kando. "Velmora wana watu Lamu na Pemba. Wanamwamini. Atatufanyia kazi hadi tuwapate wote. Kwa hiyo leo hakuna kilichotokea. Hasina yuko Nairobi. Baadaye amepata masomo ng'ambo. Mama yake ataambiwa hivyo."

"Nilimwahidi mama yake ukweli, bosi. Leo."

"Ulimwahidi kama nani? Kama mwanagenzi? Mwanagenzi hayupo." Akamgusa bega, kwa wema kabisa. "Kazi nzuri, Tisa. Ofisi ya Mombasa inataka mkuu mpya. Jina lako nimelipeleka. Usiliharibu kwa sababu ya bibi mmoja wa Kinondo."

"Na wewe unadhani atadanganyika?"

"Mama yeyote hupenda kusikia mwanawe anasoma."

Rispah alimtazama. Huyu ndiye aliyemfundisha kazi. Siku ya kwanza alimwambia kwamba kitengo kipo ili watu kama Bi Mwanafatuma wasiibiwe. Aliliamini neno hilo kama watu wanavyoamini dini. Bado aliliamini. Ila sasa alijua kwamba aliyelisema hakuliamini.

Aliinua Boxer. Kioo kimoja kilikuwa kimevunjika. Ikawaka.

"Unaenda wapi, Tisa?"

Kidude cha sikioni alikivua, akakiweka juu ya boneti ya Land Cruiser.

* * *

Rispah alipiga hodi.

"Karibu."

Wanawake walikuwa wameondoka. Bi Mwanafatuma alikuwa peke yake, ameketi mkekani, mikono imelala mapajani. Rispah alivua viatu, akaketi mbele yake.

"Video zimerudi, mama. Zote. Hawakuandikisha chochote. Kazi ni yenu."

"Alhamdulillahi." Akangoja.

"Ni Hasina."

Bi Mwanafatuma alifumba macho. Hakupiga kelele wala hakuuliza kama ni kweli.

"Amefungwa?"

"La. Watamtumia kwa kazi nyingine. Watakuja hapa wakuambie amepata masomo ng'ambo. Ni uongo. Umesikia kwangu."

"Alisema nini?"

"Kwamba ulimnyima."

"Nilitaka asichakae." Sauti ilikatika katikati. Alipanga leso yake upya mabegani, kisha akauliza lile lililokuwa limemkalia: "Amekula?"

"Sijui, mama. Sikumuuliza."

"Ukimwona, muulize."

Simu ya Rispah ilitetemeka. Tsuma.

"Uko wapi?"

"Kinondo."

Kwa mbali alisikia milango ya magari ikifungwa.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Basi lete bastola na kitambulisho Kwale. Leo. Na Mombasa usahau."

"Nakuja."

Alikata simu. Bi Mwanafatuma alikuwa amesikia kila neno. Alinyoosha mkono, akamshika kiganja, akakibonyeza katikati kwa kidole gumba, kwa nguvu, namna anavyombonyeza mzazi aliyechoka.

"Umeponzwa na mimi."

"La, mama. Niliahidi."

Rispah alisimama. Alivaa viatu, akachomeka Glock mahali pake kwa mara ya mwisho, akakaza leso kifuani.

Boxer ikanguruma. Akashika njia ya kupanda Kwale, taratibu, bila kugeuka.