Dole Gumba la Fundi wa Friji

Jumamosi asubuhi sokoni ni vurugu tupu. Huyu anakukanyaga, yule anakusukuma na kapu, na hakuna anayeomba radhi. Katikati ya msukumano huo, mwokaji mmoja alikuwa ameinamia fungu la pasheni, gauni la njano, aproni bado kiunoni, akichagua moja moja kama mtu anayechagua mchumba.

"Samahani, dada," sauti ya kiume ikasema juu ya kichwa chake. "Mbona unachukua zilizozeeka, unatuachia vijana?"

Akainua macho. Mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu yenye madoa ya grisi, bisibisi mfukoni, tabasamu la mtu aliyelala vizuri.

"Pasheni ikikunjamana ndipo inapokuwa tamu," akamjibu. "Hiyo yako inayong'aa, kainywe na sukari."

"Kumbe! Basi hata mimi nina matumaini, maana nimeshaanza kukunjamana."

Akacheka bila kutaka. Na mwanamke akishacheka na mwanamume sokoni, ndugu yangu, namba ya simu haiko mbali.

Alikuwa fundi wa friji. Alimpa mwokaji jina la Siagi, kwa sababu hata akinawa vipi, mikono yake ilinukia siagi. Kila jioni simu ililia.

"Umekula, Siagi?"

"Nimekula, Fundi wangu. Na wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Shindwa!" Siagi anasema, na huku moyo unaruka kama wa msichana wa shule.

Siku za mapumziko Fundi alikuja kumsaidia. Siagi anapiga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, anatia unga, anaviringisha vidonge. Fundi kazi yake kubonyeza kishimo katikati kwa dole gumba, ili biskuti ikitoka ovenini ipate pa kuwekwa jemu ya pasheni. Sasa, dole gumba la Fundi lilikuwa limepinda kwenye ncha. Feni ya friji iliwahi kulijeruhi. Vishimo vyake vyote viliegemea upande mmoja, umbo la korosho. Na kwa kuwa alizoea kukaza nati, kingo zilipasuka na jemu ikavuja.

"Taratibu! Unabonyeza biskuti au unapiga muhuri?"

"Nabonyeza kwa mapenzi, mpenzi."

"Basi mapenzi yako yanapasua. Siagi haiokotwi barabarani, Fundi!"

Maneno yalitoka makali kuliko alivyokusudia. Fundi alinawa mikono, akaaga kwa upole. Juma lililofuata akapiga simu kusema amebanwa na kazi. Na lililofuata, hivyo hivyo.

Ndipo mchana mmoja Siagi akapita mbele ya duka la mikate la kwenye kona, akaona dirishani trei ya biskuti za jemu ya pasheni. Akasimama. Vishimo vyote umbo la korosho, vyote vimeegemea upande mmoja. Akaingia, akanunua moja kwa msichana wa kaunta, mrembo mwenye kucha nyekundu, akaila njiani. Siagi nzuri, jemu nzuri, kingo hazina hata ufa.

"Kumbe kubanwa na kazi ndiko huku!" akajisemea. "Kwangu anapasua, kwa mwenye kucha anabonyeza vizuri!"

Shangazi yake alimwambia kwenye simu, "Muulize mwenzio, mwanangu. Kuuliza si ujinga."

"Niulize nini, shangazi? Macho ninayo, ulimi ninao."

Jioni ile Fundi akapiga, sauti imejaa furaha. "Siagi, nina jambo nataka kukuonyesha..."

"Kamwonyeshe huyo unayembonyezea biskuti."

"Huyo nani tena?"

"Usinifanye mtoto. Nimeonja mwenyewe!" Akakata, akaifungia namba.

Fundi akaja mlangoni. "Siagi, niulize basi! Niulize chochote! Mimi nilikuwa naji..." Siagi akaongeza sauti ya redio mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Akaja tena, na tena. Halafu hakuja.

Mvua zikanyesha, zikakatika. Asubuhi moja, mama mnene mwenye kutembea kwa shida akaingia kwa Siagi, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Samahani, mwanangu. Mimi ndiye mwenye duka la kona. Friji yangu imekufa, na namba ya yule fundi nimeipoteza. Nilijua kwa mchumba wake sitaikosa."

"Mchumba wake nani?"

"Si wewe Siagi? Kijana kanisumbua huyo! Alikuwa akija jioni na unga wake, na siagi yake, ananitengenezea friji bure ili nimfundishe kubonyeza. Anasema hataki tena kukuharibia mali. Siku trei nzima ilipotoka bila ufa, alicheza dukani! Tukaziweka dirishani. Akaniambia, 'Mama, kesho namwonyesha, halafu namposa.'"

"Na yule msichana wa kaunta?"

"Mjukuu wangu? Huyo huja mchana, hata hawajuani. Kwani vipi?"

Majuto ni mjukuu, na wa Siagi alikuwa amefika na mizigo yake yote. Mama alipoondoka na namba ya Fundi, Siagi akaifungua ile namba aliyoifungia, akapiga.

"Haloo?"

"Fundi... ni mimi."

"Siagi."

"Mama wa kona amenieleza. Nimekukosea, Fundi. Nimekukosea sana, wala sina la kujitetea. Njoo nikuombe radhi ana kwa ana."

"Nilikusamehe zamani." Akavuta pumzi. "Lakini nilihama mji, Siagi. Na nimeshaposa. Harusi ni mwezi ujao."

Siagi akakaa juu ya gunia la unga. Alimpenda mtu huyu, alikuwa bado anampenda, na hakuna aliyemnyang'anya. Alimfukuza yeye mwenyewe, kwa redio.

"Hongera," akasema. Akarudia. "Hongera sana. Ni mwema?"

"Ni mwema."

"Akikushuku, anakuuliza?"

Fundi akacheka kidogo. "Huyo? Anauliza kila kitu. Nilikuwa wapi, nimekula nini, nani kanipigia. Mpaka nachoka."

"Usichoke," Siagi akasema, machozi yakimdondokea kwenye aproni. "Tafadhali, Fundi. Akikuuliza, mjibu. Usichoke kumjibu."