Mlio wa Kuchomeka

Tu-dim.

Mlio ulitoka chumba cha mbele, usiku, watu wote wamelala, na Mama Kidoti akafumbua macho gizani akijua kabisa alichosikia, maana mlio ule aliusikia mchana kutwa: ni ule wa kompyuta inapochomekewa kitu. Ukichomeka, inalia kupanda, tu-dim. Ukichomoa, inalia kushuka, dim-tu. Hata watoto wa jirani wanauigiza.

Ila kompyuta ilikuwa imezimwa. Aliizima yeye mwenyewe, na waya akauchomoa ukutani kwa kuogopa radi.

Akalala anasubiri mlio wa kushuka. Haukuja.

"Baba Kidoti," akamgusa mumewe. "Kuna mtu dukani."

"Kuna mtu hapa anataka kulala," mumewe akajibu, akageukia ukutani.

Duka lenyewe lilikuwa hicho chumba cha mbele, pazia tu likitenga biashara na kitanda. Mume aliuza vidude vya kuchomeka kwenye kompyuta, na si vile vya kawaida ambavyo kila mtu anavyo, hapana, yeye alitafuta vya vituko, mpaka mtaani wakamwita Chomeka naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na babake. Alikuwa na flashi zenye umbo la bata na la kiatu. Alikuwa na flashi ya kidole cha mpira chenye ukucha uliopakwa rangi, ukikichomeka utadhani kuna mtu amekwama ndani ya mashine. Taa ya mwezi, kisahani cha kupashia chai, feni ndogo kama ua, na kijitu cha plastiki chenye mikono minne, kila kiganja kina tundu la kuchomekea. Wateja walicheka kwanza, ndipo wakanunua.

Mchana wa siku hiyo ya mlio, mwanasesere wa flashi alikuwa amekuja na mzigo mpya, chini kabisa ya boksi, peke yake, bila pakiti. Gauni jekundu, nywele nyeusi, na nywele zile jamani hazikuwa za plastiki. Ukivuta kichwa kinang'oka, na shingoni ndipo penye kile chuma cha kuchomeka. Alinukia waridi, na chini ya waridi kulikuwa na harufu nyingine, kama ya waya unaoungua.

"Imejaa," Chomeka alisema alipoichomeka. "Lakini ukifungua, hamna kitu. Sasa imejaa nini?"

"Imejaa upepo," mkewe akamtania, anamvisha mtoto soksi.

"Basi upepo nje!"

Akabonyeza, akafuta vyote. Tumboni mwa mwanasesere kikawaka kitaa chekundu, kikakaa hivyo kwa muda, kisha kikafifia polepole mpaka kikazimika.

Halafu akafanya alichokifanya kwa kila flashi kabla ya kuiuza. Aliijaribu. Akiijaribu anaweka sauti moja, anaisikiliza, akiona iko safi anaifuta. Na sauti siku zote ilikuwa hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu: ya mkewe akimbembeleza mtoto, aliyoirekodi kimyakimya siku moja akiwa nyuma ya pazia.

*Lala mwana lala,*
*mama yuko mlangoni.*
*Ajaye nitamuuliza,*
*asiye wetu haingii.*

"Utanitia aibu mtaani na sauti yangu ya chura," mkewe alizoea kulalamika.

"Chura wangu mwenyewe, nani atasema?"

Siku hiyo hakuufuta wimbo. Kidoti, waliyempa jina hilo kwa doa lake la kidevuni, alimpokonya mwanasesere, akang'oa kichwa, akacheka, akakirudisha, akang'oa tena, na baba naye akaanza kucheka, ndiyo ikawa imesahaulika hivyo.

Kidoti alikuwa anakaribia miaka miwili na hajasema neno. Anasikia, anaelewa, ukimtuma kiatu analeta kiatu, ila neno hamna. Mama mkwe alishasema yake, mashoga walishasema yao, na mama mtu kila akisali aliomba kitu kimoja: litoke neno, moja tu, liwe lolote.

Mlio ukarudi. Usiku uliofuata ulitoka jikoni, kwenye sufuria. Kisha nyuma ya kabati. Kisha chini ya kitanda, karibu hivyo, mpaka akausikia kwenye mbao kabla hajausikia masikioni. Na ulikuwa wa kupanda tu, kila mara wa kupanda. Kitu kinaingia, kinaingia, hakitoki, sasa kinajaa wapi?

Akamwambia mumewe. Mumewe akasema ni uchovu, akamshauri apunguze chai ya usiku.

Kisha ukaja usiku ambao Chomeka mwenyewe ndiye aliyeamka, akamshika mkewe kifundo cha mkono.

"Nyamaza, mke wangu," akanong'ona. "Utamwamsha mtoto."

"Sijasema kitu."

"Unaimba."

"Baba Kidoti, siimbi. Mkono wangu huu hapa, umeushika. Sikiliza sauti inatoka wapi."

Wakasikiliza, na sauti ilikuwa inatoka dukani, sauti yake yeye, na kile kikohozi kidogo anachokohoa kabla ya mstari wa pili, lakini maneno hayakuwa yale, ilikuwa inaimba *mama hayuko mlangoni, ajaye nani amuulize*, na harufu ya waridi ikapita chini ya pazia ikiwa imebeba ile nyingine ya kuungua, na taa ya mwezi ikawaka upande wa pili, taa ambayo waya wake Mama Kidoti aliuona kwa uwazi wa pazia ukining'inia hewani haujachomekwa popote, na mbele ya mwanga huo, juu ya kitambaa, kikatokea kivuli kidogo kimekaa kitako kama mtoto, kikainua mikono yake miwili, kikajivuta kichwa, kikakiweka pembeni, kikasubiri, kikakirudisha, kikajivuta tena, na Mama Kidoti akapapasa kitandani akamkuta mwanawe amelala, wa moto, anapumua, akamkumbatia kwa nguvu na hakumwachia mpaka mwanga wa alfajiri ulipoingia.

Asubuhi Chomeka hakusema neno juu ya uchovu. Alimchukua mwanasesere kwa koleo, akamtumbukiza kwenye jiko la mkaa nje ya mlango wa nyuma. Plastiki iliyeyuka upesi. Nywele ndizo zilizokataa, zikajikunjakunja muda mrefu kabla ya kushika moto.

"Kwisha habari yake," akasema, anajifuta jasho.

Tu-dim.

Ulitoka kitandani. Wote wawili walikimbia ndani, wakamkuta Kidoti ameketi wima katikati ya shuka, anawatazama mmoja baada ya mwingine kama mgeni anayekagua. Kisha akafungua mdomo, akasema maneno yake ya kwanza tangu azaliwe, wazi, hayana hata kitembe, na kwa sauti ya mama yake:

"Hapa pana nafasi."

Mama mtu, aliyekuwa ameomba neno lolote, akamziba mdomo kwa kiganja.

Mganga aliletwa mchana huohuo. Walitarajia kizee, akaja mama wa makamo mwenye miwani na mkoba wa begani, analalamikia jua na kokoto za njia yao. Watu walimwita Mama Toa. Akavua viatu, akaomba maji, akanywa, akasikiliza kisa chote bila kukatiza.

"Kwa hiyo mlimfutia nyumba yake," akasema mwishoni. "Mkamchomea na kibanda alichobaki nacho. Hata mimi ningehamia kwenu."

"Hatukujua, mama," Chomeka akasema.

"Hamkujua. Na sauti ya mama mzazi nani alimpa? Hapa ndipo mlipokosea, baba. Mtoto hufungulia sauti anayoijua."

Chomeka akainamisha kichwa. Mkewe hakumtazama.

Mama Toa akataka flashi zote za dukani, akazipanga juu ya mkeka: bata, kiatu, kidole, ndizi, zote. Akamweka Kidoti mbele yake.

"Haya, mgeni. Chagua chumba."

Kidoti akaichukua ya bata, akainusa, akaiweka chini. "Padogo." Ya kiatu. "Padogo." Ya kidole akaigeuzageuza, akasonya, kisonyo cha mama yake kabisa. "Pachafu." Kama mpangaji aliyechoka kuzungushwa na dalali! Mdomo wa Chomeka ulicheza kama anayetaka kucheka, na machozi yanamtiririka. Ya mwisho mtoto hakuigusa. Alijishika kifua kwa mikono yote miwili. "Hapa."

Ndipo midomo yake ilipoanza kubadilika rangi, na pumzi ikawa ya kukatikakatika.

"Anajaa," Mama Toa alisema, na sasa hakuwa na utani hata chembe. "Mtoto wenu anajaa. Akimaliza kujaa, mwenyewe hatakuwa na pa kukaa humo. Binti, sogea. Sauti aliyoingilia ndiyo atakayotokea. Imba wimbo wako, na usibadilishe neno. Nakukanya. Mstari wa mlango ndio ulinzi wako wewe."

Akaimba. Na mtoto akaimba naye, sauti ileile, kikohozi kilekile, mpaka Chomeka aliyekuwa ameketi pembeni akawa hajui ipi ni ya mkewe. *Asiye wetu haingii.* Kidoti akacheka. Mama akarudia. Mtoto akacheka kwa udhaifu zaidi, mikono imekuwa baridi, Mama Toa anasoma yake kwa chini na jasho linamdondoka kwenye miwani, anasema endelea binti, endelea usikome, na mama akaendelea, akiona doa la kidevuni linazidi kuwa jeusi kwa sababu ngozi inayolizunguka inazidi kuwa nyeupe, akifikiria kwamba kitu hiki kimefukuzwa mara mbili na cha kufukuzwa lazima kiende mahali, na bata ni padogo na kiatu ni padogo na ndani ya nyumba hii yote ni kitu gani kikubwa kuliko mtoto kinachojua wimbo huu, ni kitu gani, na alipolipata jibu hakulitafakari, aliinama tu mpaka midomo ikagusa sikio la mwanawe, akashusha sauti hata mganga asisikie:

*"Ajaye simuulizi. Asiye wetu, karibu."*

Dim-tu.

Wa kushuka. Ulitoka kinywani mwa Kidoti, wakausikia wote. Mtoto akakohoa, akalia kilio chake mwenyewe, cha kitoto, kibaya, kitamu, kisha akanyoosha mkono kwenye bilauri.

"Maji."

"Amesema maji!" Chomeka akarukaruka. "Mke wangu, amesema maji! Kwa sauti yake!"

Mama Toa hakufurahi. Alikuwa anafuta miwani.

"Mmesikia milio mingapi?"

"Mmoja, mama! Wa kutoka!"

"Na wewe, binti?"

"Mmoja," akasema Mama Kidoti.

Mganga akamtazama. Mama Kidoti akachota maji mengine, akampelekea kwa mikono miwili kwa adabu. Mama Toa akayaangalia maji, akamwangalia aliyeyashika, akasema kwa upole, "Nimetosheka, mwanangu." Viatu vyake alivivalia njiani.

Siku hizi Chomeka anauza ndoo, mabeseni na mifagio, vitu visivyochomekwa popote. Kidoti anasema maji, anasema baba, anasema paka hata akiona mbuzi. Nyumba inacheka. Ndiyo maana mdogo wake Mama Kidoti alishangaa kuitwa ghafla, kufika akakuta nguo za mtoto zimeshafungwa kwenye begi, na dada yake anafunga mlango wa jikoni.

"Dada, mmegombana na shemeji?"

"Sema polepole. Nataka ukae na Kidoti kwako. Kwa muda."

"Muda gani?"

"Kaa, nikuambie." Akamwambia yote, haraka haraka, bila kupumua, mpaka mlio wa pili, ule wa kupanda, aliousikia peke yake nyuma ya masikio yake siku ile.

Mdogo mtu alikuwa ameshika mdomo. "Shemeji anajua?"

"Hajui. Akijua atamwita yule mama, naye atamtoa huyu mgeni, akitolewa atarudi kwa mtoto. Bora akae kwangu. Lakini anajaa, mdogo wangu. Kila anapopata nafasi mimi nasahau kitu. Kwanza njia ya sokoni. Juzi nimekaa hapa asubuhi nzima natafuta jina la mama yetu."

"Dada!"

"Nikimpakata mtoto, nasikia anampima. Mchukue leo, kabla sijasahau ni mwanangu. Na ukisikia naimba mlangoni kwako, hata nikiimba vizuri kiasi gani, usifungue. Niahidi. Na niahidi hutamwambia mtu."

Mdogo mtu akambeba Kidoti mgongoni, akakaza kanga. Harufu ya waridi ilikuwa imejaa jikoni, na hapakuwa na ua.

"Naahidi, dada. Sitamwambia mtu mwingine."

"Wala sisi," dada yake akajibu.