Siku Babu Stamen Alipofungiwa Mlango

Kila Jumamosi wazazi wa Zornitsa walikwenda kuuza asali sokoni. Yeye alibaki nyumbani na mdogo wake, Metodi, pamoja na babu yao, Stamen. Walikaa ghorofa ya pili, katika mji wa Ruse, karibu na mto Danube. Zornitsa alifagia, akaosha vyombo, kisha akaenda kununua mkate. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hizo hakujielewa. Mara alitaka kucheza na Metodi chini ya meza, mara aliona haya hata kuonekana naye barabarani.

Jumamosi moja shangazi yake, Vesela, aliwatembelea. Vesela alisomea saikolojia chuoni, yaani elimu ya akili na tabia za watu. Alimimina maji ya cheri, matunda madogo mekundu, katika bilauri mbili zilizolingana. Kisha maji ya bilauri moja akayahamishia katika bilauri ndefu, nyembamba.

"Haya, Metodi, ipi ina maji mengi?"

"Hii ndefu! Naitaka hii!"

Zornitsa aliangua kicheko. "Zuzu wee! Si ni yale yale?"

"Usimwite zuzu," Vesela alisema. "Ana miaka minne. Wewe pia uliililia bilauri ndefu ulipokuwa na umri wake. Akili hukomaa kwa wakati wake, kama meno yanavyoota."

Akaeleza kwamba wataalamu wengi wameyagawa maisha katika hatua. Mtoto mchanga hujifunza kuwaamini wanaomlea. Mtoto wa miaka michache hutaka kila kitu akifanye mwenyewe. Anayekaribia ujana huanza kujiuliza yeye ni nani.

"Na babu je? Yuko hatua gani?"

"Mzee hutazama alikotoka, akajiuliza kama..."

Hapo Metodi akaipindua bilauri, maji mekundu yakatapakaa mezani. Wote wakakimbilia matambara, na mazungumzo yakaishia hapo.

Swali hilo halikumtoka Zornitsa akilini. Babu Stamen alikuwa ameuza nyumba yake ya kijijini baada ya bibi yao, Nevena, kufariki, akaja kuishi nao. Siku moja Zornitsa alimkuta ameketi sakafuni, mbele yake vipande vya mbao vya kuchezea vya Metodi, machozi yakimtiririka.

"Nevena, njoo uone," babu alisema bila kugeuka.

Zornitsa alirudi nyuma kimyakimya. Kesho yake shuleni alimsimulia rafiki yake, Iskra.

"Maskini! Huyo ameshakuwa mtoto," Iskra alisema. "Wazee hurudi utotoni, hujui? Jirani yetu alitoka kununua sigara, akaja kuokotwa mji wa mbali, Varna!"

"Lakini shangazi anasema watu husonga mbele, hatua kwa hatua."

"Basi huyo wako amegeuza njia."

Zornitsa alichanganyikiwa. Amwamini nani? Kama babu ni mtu mzima, mbona anachezea vipande vya mbao? Kama ni mtoto, mbona kila asubuhi anamsaidia kazi ya hesabu bila kukosea? Hakumwuliza mtu. Alianza tu kumkatia babu mkate vipande vidogo vidogo, na kumwambia, "Kula, babu, kula. Hivyo hivyo, vizuri!" Babu alivitazama vile vipande, akala.

Jumamosi iliyofuata, alipotaka kwenda kununua mkate, hofu ilimshika. Je, babu akitoka akapotea? Alichukua ufunguo wa babu uliokuwa msumarini, akafunga mlango kwa nje, akashuka ngazi. Njiani alikutana na Iskra, wakasimama kando ya mto kutazama meli ya abiria. Maongezi yakanoga, muda ukapita.

Aliporudi alikuta majirani wamejaa ngazini. Mwanamume mmoja alikuwa akiusukuma mlango kwa bega. Ndani, Metodi alikuwa akilia.

"Ufunguo uko wapi, wewe mtoto?" jirani yao, Bi Donka, alifoka. "Mdogo wako ameungua! Babu yako ametuita kutoka roshanini!"

Zornitsa akatoa ufunguo mfukoni. Bi Donka akamnyang'anya, akafungua.

Metodi alikuwa ameivuta sufuria ya maziwa ya moto jikoni. Babu alikuwa amesimama naye kwenye bomba, ameushika mkono wake chini ya maji ya baridi, akimwimbia taratibu. Alikuwa ameshapiga simu ya dharura, na punde gari la wagonjwa likafika. Daktari alisema kwamba maji yale yamesaidia sana, na mkono utapona.

Jioni hiyo wazazi walirudi, na Vesela, aliyepata habari kwa simu, akaja mbio. Zornitsa hakungoja kuulizwa.

"Mimi ndiye niliyefunga. Nilidhani babu amekuwa mtoto. Nilimwona akicheza, akalia, akaniita Nevena. Sijui tena nani ni mtoto na nani ni mtu mzima!"

Vesela alimketisha. "Kosa langu limo pia, nilikuachia maneno nusu. Mzee hutazama alikotoka, akajiuliza kama ameishi vema. Hiyo ni kazi nzito, mtoto haiwezi. Elimu ya hatua inatusaidia kuwaelewa watu, si kuwahukumu. Mzee akianza kusahau sana, tunampeleka kwa daktari, wala hatumfungii mlango. Ukitaka kujua yaliyomo moyoni mwa mtu, muulize mwenyewe kwa heshima."

Zornitsa alimgeukia babu. "Nisamehe, babu. Siku ile ulikuwa ukilia nini?"

"Nilikuwa napanga vipande vile vifanane na nyumba yetu ya kijijini," alisema Babu Stamen. "Niliijenga na bibi yako, kwa mikono yetu. Nikawa nawaza: je, nilikosea kuiuza? Nilimwita Nevena kwa sababu nimezoea kumwuliza."

"Na ulikosea?"

"Bado sijui, mjukuu wangu. Hata mimi nachanganyikiwa." Alisogea pembeni kumpa nafasi kitini. "Kaa nikusimulie tangu mwanzo, kisha uniambie unavyoona wewe."

Zornitsa akaketi, akasikiliza.