Shamba la Pamba la Elia Ndaki

Dada yangu Anyes ni nesi hapa Bariadi mjini, alihamishiwa huku kutoka Bukoba. Mwaka jana, Jumamosi moja saa tisa mchana, alimpeleka mwanawe Winnie, wa miaka sita, kwenye maonyesho ya marehemu Elia Ndaki, mchoraji maarufu aliyezaliwa Mwanhuzi. Picha hazikutundikwa. Projekta zilizimwaga kwenye kuta zote nne na sakafuni, ikawa unatembea ndani ya picha.

"Mwadila, mayu," mhudumu mmoja, Fredrick, aliwapokea mlangoni kwa salamu ya Kisukuma, akimwita Anyes mama.

Ng'ombe walipita chini ya miguu yao. Winnie alicheka, akawa anawaruka. Waliuona utoto wa Ndaki, wakauona ujana wake, hadi chumba cha mwisho: shamba la pamba, picha aliyokuwa akiichora siku aliyofariki. Humo walikuwa wawili tu. Pamba iliyumba kwa upepo. Katikati alisimama mwanamke, amewapa mgongo. Upepo ule haukugusa hata khanga yake.

"Mama," Winnie alinong'ona, "yule bibi ananiita."

"Hajasema kitu. Twende."

Umeme ukakatika. Projekta zikanyamaza.

Shamba halikuzimika.

Anyes alihisi vidole vya mwanawe vikichomoka mkononi mwake. Akageuka. Hakuna mtoto. Akatazama ukutani. Winnie alikuwa kule, katikati ya pamba, ameshikwa mkono na yule mwanamke. Wanakwenda. Wanazidi kuwa wadogo.

Anyes aliukimbilia ukuta, akasukuma mkono. Mkono ukazama. Baridi. Akapapasa. Akashika gauni. Akavuta.

Na upande wa pili ukavuta.

Umeme uliporudi, Fredrick aliwakuta sakafuni, Anyes kamkumbatia mtoto.

"Yule mwanamke ni nani?" Anyes aliuliza.

Fredrick alitazama ukuta. "Mwanamke gani, mayu? Ndaki hakuchora mtu humo. Ni shamba tupu."

Jioni, akimwogesha, Anyes aliona alama za vidole vitano kwenye kifundo cha mkono wa Winnie, rangi nyeupe ya kuchorea. Alisugua kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya taa. Zikatoka. Asubuhi zilikuwepo tena.

Mimi nimehamia kwao, dada hawezi tena kulala peke yake na mtoto. Mwaka mzima tumezifuta alama hizo tano. Leo asubuhi nimehesabu kumi.

Rangi bado mbichi.